Kuanika Dagaa Stesheni

Tangu niolewe hapa Nchelenge sijaona treni, na sitegemei kuiona, lakini stesheni tunayo. Iko ufukweni mwa ziwa, chini kidogo ya soko la samaki. Ni jukwaa refu la zege lililopasukapasuka, kuta mbili za matofali zisizo na paa, msingi wa tangi la maji, na reli mbili nyembamba zinazotoka majini, zikapita kando ya jukwaa, kisha zikapotelea kwenye nyasi kabla ya kufika barabarani. Wazee wanasema zamani vigari vya chuma vilisukumwa kwa mikono juu ya reli hizo, vikipandisha samaki kutoka kwenye boti hadi mahali malori yalipongojea, na kuteremsha chumvi na magunia matupu. Mwenye biashara aliondoka, hakuna anayekumbuka vizuri kwa nini, na vigari navyo vikaondoka kimoja kimoja. Gurudumu moja liko jikoni kwa mama mkwe wangu, ni kigoda. Kipande cha reli kimening'inizwa nje ya kanisa letu, nacho hupigwa kwa nyundo Jumapili asubuhi. Vipande vingine vimekuwa nanga za mitumbwi. Mtu akija kuniambia stesheni yetu imekufa, namwambia azunguke kwanza majumbani.

Kilichobaki mahali pake ni jukwaa, na jukwaa ni la wanawake. Hapo ndipo wanapoanika chisense, wale dagaa wadogo weupe wa ziwa letu. Wavuvi huwashika usiku kwa taa, wanawafikisha asubuhi wakiwa bado wanameremeta, na kazi ya mwanamke ni kuhakikisha jua haliendi bure. Juu ya zege lenye moto, dagaa aliyetandazwa asubuhi anakuwa mkavu kabla ya alasiri, msafi, hana chembe. Mchangani ni habari nyingine. Dagaa wa mchangani anabeba mchanga, hata umpepete namna gani, na wachuuzi wanaovuka kutoka ng'ambo ya Kongo wanajua. Mchuuzi hachunguzi kwa macho. Anachota kidogo, anatia mdomoni, anatafuna polepole akiangalia ziwa. Akisikia kokoto moja tu kwenye jino, anatema pembeni, anakutazama kwa huruma, kisha anataja bei ya matusi.

Hayo nayajua vizuri kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa mtafunaji hodari. Tulikuwa tunavuka naye kutoka ng'ambo, tumebeba vitenge na sabuni, tunarudi na dagaa. Katika kuvuka huko nikampata fundi wa injini za boti aliyenifanya nisahau kurudi. Nikaolewa, nikajifunza Kibemba mpaka nikaota kwa Kibemba, na nikateremka ufukweni kuanika kama wanawake wengine. Ndipo nikaambiwa desturi.

Jukwaa lina sehemu zake. Kila mwanamke ana pake, na mpaka kati ya mmoja na mwingine ni nusu tofali. Usifikiri ni mchezo. Nusu tofali likisogea upana wa kiganja, maneno yatasikika hadi kisiwani Chisenga. Na sehemu hiyo hairithiwi ovyo, inafuata upande wa mama: mama anampa binti, asipokuwa na binti anampa binti wa dada yake. Mke wa mwana hamo. Anaweza kupendwa, anaweza kusifiwa kwa mapishi, lakini akimaliza kusifiwa anateremka mchangani.

Basi nikateremka. Mama mkwe wangu alikuwa na mahali pazuri kuliko pote, katikati ya jukwaa, mbali na mavumbi ya njia. Zamani palikuwa pa mama yake. Kasoro yake ilikuwa moja: zege lilikuwa likididimia hapo mwaka hadi mwaka, likafanya bonde kama kitanda kilichochoka, kwa hiyo kila mwanzo wa kiangazi lilihitaji kusilibwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ili lilingane na kwa wengine. Wanawake wote walisiliba sehemu zao, kuziba nyufa, lakini yeye alihitaji udongo mara tatu ya wengine. Magoti yake yalipoanza kugoma, kazi ile ikawa yangu. Nilichimba kichuguu, nikaponda, nikakanda, nikasiliba kwa mkono. Asubuhi nilibeba mabeseni yake, nikamtandazia dagaa wake, nikamgeuzia. Halafu nikashuka kuanika wangu.

Sitasema uongo: niliutaka ule mjengo. Niliutaka kama mtu anavyotaka nyumba. Si kwa ajili ya bei peke yake, ingawa bei nayo haina adui. Niliona wanawake wamekaa juu pale, migongo kwenye ukuta wa matofali, wanataniana, wanasukana, na mimi chini najibu utani kwa kupaza sauti. Mtu anayejibu utani kwa kupaza sauti bado ni mgeni.

Mchanga ulinifundisha ukaidi. Nilikata matete, nikayafunga yakawa vitanda virefu vyenye miguu hadi kiunoni, nikatandika juu yake vipande vya nyavu kuukuu. Upepo ukapita chini na juu, mchanga ukabaki kwake. Dagaa wangu wakawa wasafi, ila walichelewa kukauka kuliko wa zege, na siku ya mawingu walinitia wasiwasi. Wanawake wa jukwaani walicheka hadi wakashikana mabega. Mama mkwe wangu ndiye aliyeongoza.

"Mukamwana," aliniita mke wa mwanawe kwa kelele kutoka juu, kwa kile Kiswahili chetu cha sokoni ambacho sisi wawili tulikizoea tangu siku nilipokuwa sijui Kibemba, "samaki umebapatia kitanda. Kesho utabapatia na blanketi?"

"Nitabapatia, Mayo," nikamjibu, kwani kwa Kibemba mama ni mayo. "Na mutu wa kubaimbia balale, njo weye."

Nilimpenda, na yeye alinipenda. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi, kama ulikuwapo, ulikuwa moyoni mwangu, kwa sababu alikuwa na binti mmoja tu, wifi yangu, aliyeolewa huko Puta kwa mtu mwenye boti zake. Wifi alikuja kututembelea sikukuu hadi sikukuu, mikono ina mafuta mazuri, na sijawahi kumwona ameshika udongo wa kichuguu. Nilikuwa nikijisemea, labda atapasahau. Labda siku magoti ya mama yatakapokataa kabisa, wataangalia ni nani aliyekuwa akipasiliba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimeinama miaka.

Ndipo wakaja watu wa mambo ya kale.

Walikuja mwanzoni mwa kiangazi, wachache, na mahema na masanduku ya brashi. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja kijana mwenye kofia pana, anayeongea Kibemba cha mjini, cha haraka haraka. Tulimwita madamu. Alikaa nasi jukwaani kwa adabu, miguu ameikunja, akaeleza kwamba vituo vidogo vya reli kama chetu vimebaki vichache, kwamba wanataka kupima, kuchimba kidogo na kupiga picha kabla mvua na watu havijamaliza kilichobaki. Kwenye neno "watu" mwanamke mmoja alikohoa, maana nanga ya mume wake ilikuwa ni reli. Madamu aliomba jukwaa kwa muda wa kazi yao. Mjumbe wa kijiji alishakubali. Tukakubali na sisi, ungefanyaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumamosi walikuja wakapiga vigingi vidogo na kuvuta kamba juu ya jukwaa zima, kwenda na kurudi, miraba miraba. Wakasema Jumatatu wanaanza, wakaenda kupumzika.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walikutana, nami nikiwamo kwa niaba ya mama mkwe. Aibu ilikuwa imetushika. Jukwaa lilikuwa na magamba ya mwaka mzima, mafuta ya samaki, nyasi kwenye nyufa. Na wageni hawa watapiga magoti hapo, watalala kifudifudi na brashi zao, tena watapiga picha zitakazokwenda mjini. Kwetu mgeni mkubwa hapokelewi kwenye sakafu chafu. Ukisikia anakuja, unasiliba nyumba, unafagia uwanja, unachora nakshi za vidole kwenye udongo mbichi ili ajue amengojewa. Hakuna aliyetoa amri. Tuliangaliana tu, tukaenda kubadili nguo za kanisani.

Tulifanya kazi mpaka jua likashuka. Vigingi tulivichomoa kwa heshima, tukavipanga kando ya ukuta kwa urefu wake, na kamba tukazikunja mviringo mzuri kama uzi wa dukani. Tukang'oa nyasi. Tukasugua reli kwa mchanga na maganda mpaka kutu ikatoka, zikang'aa kama sufuria za harusi. Kisha tukasiliba jukwaa lote, mwanzo hadi mwisho, udongo mpya laini, na kila mmoja akachora nakshi zake mahali pake. Nikakaa nikaangalia. Kwa kweli palipendeza.

Jumatatu asubuhi tulijipanga kumpokea. Madamu alikuja na wenzake, akapanda ile ngazi fupi, akasimama. Alivua kofia. Akaivaa. Akaivua tena. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yalikuwa yamemruhusu siku ile, alisogea mbele akiegemea fimbo yake.

"Karibu, madamu, mukwai," alimwambia kwa Kibemba cha heshima. "Sasa mnaweza kukaa chini bila kuchafuka."

"Mama," akasema madamu, sauti imekuwa ndogo, "kamba zangu ziko wapi?"

Tukamwonyesha. Alipoona jinsi zilivyokunjwa, midomo ilimtetemeka, nami nikadhani analia. Kumbe ni kicheko alichokuwa anakizuia, na kilipomshinda alikaa chini pale pale, kwenye udongo ambao haujakauka vizuri, suruali ikapiga muhuri wake. Mwenzake mmoja mwanamume hakucheka kabisa. Alikuwa ameshika kipande cha reli inayong'aa, anakitazama kama mtu aliyeibiwa. Madamu alipopata pumzi alitueleza taratibu kwamba wao hutafuta uchafu. Uchafu ndio kitabu chao. Kutu ndiyo ilikuwa inawaambia reli imekaa hapo muda gani. Tukajishika vinywa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko.

Lililotuokoa siku ile ni lile bonde la mama mkwe wangu. Madamu alipiga magoti hapo na mwiko wake mdogo, akajaribu kubandua udongo wetu wa jana ili aone zege liko chini kiasi gani. Hakuliona. Chini ya udongo wa jana alikuta udongo wa mwaka jana, na chini yake wa mwaka juzi, mstari wa kahawia, mstari wa majivu, mstari wa kahawia, kama chapati iliyokunjwa mara nyingi kabla ya kukaangwa. Kwingine mvua zilikuwa zimeosha kila mwaka, lakini bondeni udongo ulijificha na kukaa. Aliinua uso, macho yamemtoka.

"Mmekuwa mkisiliba hapa tangu lini?"

"Tangu mama yangu," alisema mama mkwe.

Madamu akabadili kazi yake nzima. Alisema vigari na biashara vilikaa hapa muda mfupi, wanawake wamekaa muda mrefu, kwa hiyo na sisi tuko kwenye historia ya stesheni, tukitaka tusitake. Akaomba wenye sehemu wenyewe washike kazi ya kubandua, kila mtu pake, taratibu, tabaka kwa tabaka, kwa kuwa mikono yetu ilijua udongo ule unavyoshikamana. Kule kwenye reli waliendelea wenzake. Yule asiyecheka aliacha kununa siku ya pili, alipopata kufuli la zamani chini ya msingi wa tangi.

Mimi na mama mkwe tulikaa bondeni. Nilibandua, yeye alipokea. Na tabaka zilipokuwa zikifunguka, nakshi zilikuwapo, zimehifadhiwa na majivu. Zile za juu zilikuwa pinde pana zilizogeukia kushoto. Zilirudi mwaka baada ya mwaka. Chini yake pinde zikageukia kulia, nzito, za mtu asiye na papara. Na chini kabisa, karibu na zege, zikabadilika tena: mawimbi madogo madogo yaliyobanana, ya vidole vyembamba. Mama mkwe wangu aliyaona. Aliweka fimbo pembeni. Akateremsha vidole vyake vinene kwenye ile mifereji myembamba, aifuate, na havikuenea.

"Mayo," alisema. Hakuwa anasema nami. Nilitazama pembeni, kwenye ziwa, kumpa nafasi.

Madamu akauliza kwa sauti ya chini: "Na huyu wa juu? Anatumia mkono wa kushoto."

Wanawake wote walinigeukia. Hakuna mwingine wa mkono wa kushoto jukwaani pale, tena tabaka zangu zilikuwa nyingi, nene kama godoro. Mmoja akapiga kigelegele. Nawaambia, nilitembea kurudi nyumbani siku ile nikiwa nimeshapata jukwaa. Kichwani nilikwishakaa pale, mgongo ukutani, nikiwatania wa chini.

Kazi ilipoelekea mwisho, mjumbe wa kijiji na madamu na wanawake tulikaa pamoja tukapatana. Upande wa reli ungezungushiwa uzio, usikanyagwe. Upande wa pili wa jukwaa, bonde likiwamo, ungerudi kwa wanawake, wausilibe wapendavyo. Lakini nusu jukwaa kwa watu walewale ni mbanano, basi wanawake wakaweka sheria yao: kila mwenye mahali aanike kwa mikono yake mwenyewe, hakuna kushikiwa. Asiyeweza, amrithishe mwenye haki sasa hivi, la sivyo pagawanywe. Wengine waliokosa nafasi walikuwa wameshateremka kwangu kuniuliza jinsi ya kufunga matete, wale wale waliocheka utani wa blanketi. Niliwafundisha. Niliwatania kidogo, kisha nikawafundisha.

Mama mkwe alitazama magoti yake. Akampigia wifi simu Puta.

Wifi alifika na basi, amebeba sukari na kitenge cha mama yake. Nilijiandaa kumchukia, akaniharibia mpango. Alipoonyeshwa yale mawimbi ya nyanya yake alipiga magoti na kulia kama mtoto, mafuta mazuri na udongo vikachanganyika, halafu akanikumbatia mimi na kunishukuru kwa kumtunzia mama. Mambo ya boti huko Puta hayakuwa mazuri, alisema. Angekuja kukaa nasi kiangazi chote.

Kesho yake wanawake walikusanyika jukwaani. Mama mkwe alisimama mahali pake na fimbo yake. Nilisimama nyuma. Niliangalia zile tabaka pembeni, zilizokatwa wima ili zionekane, godoro langu la pinde za kushoto likiwa juu, kila mtu analiona.

"Hapa palikuwa pa mama yangu," alisema kwa Kibemba, polepole. "Alinipa mimi, binti yake. Nami nampa binti yangu."

Akainama kwa taabu, akaokota lile nusu tofali la mpakani, akaliweka mkononi mwa wifi. Wanawake wakapiga makofi ya heshima, taratibu. Nikapiga na mimi. Hakunitazama.

Nilikwenda nyumbani nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nilitwanga hadi mume wangu akaacha injini yake uani, akaja mlangoni.

"Haya majani yamekufanya nini?"

"Nyamaza."

"Unajua ni desturi," alisema. Ni mtu mpole, na upole wake saa nyingine ni mzigo. "Hata angetaka, asingeweza."

"Najua ni desturi! Ningekuwa sijui, ningegombana, nikatulia. Sasa nigombane na nani?"

Akachukua mchi, akanisaidia kutwanga, jambo ambalo majirani waliliongelea wiki nzima. Roho iliniuma. Nasema wazi, iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi si zege. Ni kwamba miaka yote ile ya udongo, mbele za watu, hakunipa hata neno moja.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mchangani kama kawaida. Mitumbwi ilikuwa imerudi na mzigo mzuri. Juu jukwaani wifi alikuwa anatandaza dagaa wake wa kwanza, anakosea, wanawake wanamwelekeza kwa vicheko. Nilimpa mgongo. Nilikuwa nimeshamwaga beseni la kwanza kwenye kitanda cha matete nilipomwona mama mkwe anateremka. Hakuteremka kwa njia ya jukwaani. Aliteremka kwa njia ya kwangu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine beseni tupu, mguu mmoja baada ya mwingine, na mchanga ulikuwa unamsumbua. Nikakimbia kumpokea.

"Mayo, wifi eko kule yulu."

"Ninajua. Nimemuacha na fasi yake."

"Sasa weye unaenda wapi?"

Aliendelea kutembea mpaka akafika. Alishika mguu wa kitanda changu cha matete, akautikisa kupima kama ni imara, akatazama nyavu, akabonyeza, akaguna. Kimo kilikuwa kinamfaa. Hakuhitaji kuinama wala kupiga magoti. Alitundika fimbo yake kwenye pembe ya kitanda.

"Ile fasi ilikuwa ya mama," aliniambia. "Sikuwa na njia ya kuipa mutu mwingine. Lakini hii mikono ni yangu. Hii, miye njo naipeleka kule naipenda."

Akaweka beseni lake chini ya kitanda, pembeni ya mabeseni yangu. Kisha akanyoosha mikono na kuanza kupangua dagaa niliokwisha kutandaza, akilalamika kwamba nimewarundika, kwamba mtu aliyesiliba vizuri namna ile anawezaje kutandaza vibaya namna hii, kwamba amekuwa akiniona kutoka juu miaka yote akitamani kushuka kunirekebisha. Nilisimama na mikono imelowa, sijui niiweke wapi. Machozi yalikuja bila kuomba ruhusa, yakadondoka.

Akanisukuma kwa kiwiko, macho hayajatoka kwenye kazi.

"Lilia kule pembeni, mukamwana. Aba samaki tunataka bakauke."